Leseni ya bure au ya kulipia? Mwongozo wa seva pepe kwa taasisi za Morogoro

MJI wa Morogoro, ulio chini ya Milima ya Uluguru kiasi cha kilometa 190 magharibi mwa Dar es Salaam, ni mji wa vyuo na utafiti. Hapo kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa mwaka 1984. Ukishika barabara ya Iringa utakifikia Chuo Kikuu Mzumbe, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001. Vilevile kipo Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, pamoja na hospitali, shule, benki na ofisi za halmashauri.

Taasisi za namna hii zinaishi kwa kumbukumbu: matokeo ya mitihani, malipo ya ada, majalada ya wagonjwa, na takwimu za miaka mingi za mvua, udongo na misitu. Zamani kumbukumbu hizo zilijaza makabati. Leo nyingi zimo ndani ya seva, na kila siku zinazidi kuwa ndani ya seva zinazoitwa pepe, ambapo mifumo kumi au zaidi hukaa ndani ya mashine moja.

Hapo ndipo swali la leseni linapokuwa zito. Programu inayoibeba mifumo yote hiyo ikikosa leseni halali, viraka vya usalama au mtu wa kuisimamia, kinachosimama si mfumo mmoja bali taasisi nzima. Kwa sababu hiyo, kuchagua kati ya programu ya bure na ya kulipia si jambo la kumwachia fundi wa kompyuta peke yake. Ni uamuzi wa uongozi, na makala haya yanaeleza mambo ya kupimwa kabla ya kuufanya.

Seva pepe ni nini

Neno "pepe" msomaji amelizoea katika barua pepe. Seva pepe ni kompyuta isiyokuwa na sanduku lake yenyewe. Programu maalumu, ambayo hapa tutaiita programu simamizi, huigawa seva moja halisi katika sehemu nyingi, na kila sehemu ikapewa fungu lake la prosesa, kumbukumbu na diski. Kila fungu hufanya kazi kama kompyuta kamili yenye mfumo wake wa uendeshaji. Ndani ya mashine moja unaweza kukuta Windows ya mhasibu, Linux ya tovuti na mfumo wa maktaba, kila kimoja kikiwa hakina habari na mwenzake.

Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ya Marekani ilikuwa nalo katika kompyuta zake kubwa tangu miaka ya 1960. Kilichokuwa kipya ni kuliingiza katika seva za kawaida, kazi iliyofanywa na VMware, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1998. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, wakatoa Xen. Mwaka 2007 programu ya KVM ikaingizwa ndani ya Linux, na mwaka 2008 Microsoft ikatoa Hyper-V.

Faida zake zinaeleweka kwa mtu yeyote anayelipa ankara ya umeme. Badala ya masanduku sita yanayohitaji viyoyozi, betri na jenereta, unabaki na mawili. Seva pepe pia huweza kunakiliwa yote kwa mara moja, na mashine halisi ikiungua kwa radi ya masika, nakala hiyo ikawashwa katika mashine nyingine.

Bure si huria

Kosa la kwanza katika mjadala huu hutokana na lugha. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kilicho huru. Kiswahili kina maneno mawili, na wataalamu wetu waliyatenganisha mapema. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulizizoesha taasisi nyingi istilahi ya "programu huria".

Programu ya bure ni ile ambayo mwenyewe hakudai fedha. Anaweza kuweka mipaka ya matumizi, na anaweza kuanza kudai kesho. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inampa kila mtu haki ya kuitumia, kuisoma ilivyoandikwa, kuirekebisha na kuisambaza. Haki hiyo, kwa toleo ulilokwisha kulipokea, hainyang'anywi hata kampuni ikiuzwa au ikifilisika.

Kwa hiyo taasisi haina njia mbili bali nne. Ya kwanza ni programu iliyofungwa inayotolewa bure. Ya pili ni programu huria isiyo na mkataba wa msaada. Ya tatu ni programu huria pamoja na malipo ya mwaka ya msaada wa kiufundi. Ya nne ni programu iliyofungwa ya kulipia. Mtu anayelinganisha njia ya kwanza na ya nne pekee ameziacha njia mbili ambazo mara nyingi ndizo zinazomfaa.

Zipo pia leseni za majaribio. VMware ilikuwa ikitoa siku 60, na Windows Server hutolewa kwa siku 180. Hizi ni za kupimia tu. Kuweka matokeo ya wanafunzi juu ya leseni ya majaribio ni kujenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu.

Nguo ya kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Historia ya programu simamizi za bure inawaunga mkono.

VMware ilianza kutoa ESXi bila malipo Julai 2008, na mafundi wa nchi nyingi wakaipokea kwa furaha. Toleo hilo lilikuwa na mipaka. Seva nyingi hazikuweza kusimamiwa kutoka mahali pamoja, na programu nyingi za kuchukua nakala za akiba hazikuweza kufanya kazi nalo. Hata hivyo, kwa ofisi yenye seva moja lilitosha.

Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware kwa kiasi cha dola za Marekani bilioni 69. Mwezi uliofuata ikasitisha uuzaji wa leseni za kudumu na kuwahamishia wateja kwenye malipo ya vipindi. Februari 2024 toleo la bure likaondolewa. Aprili 2025 likarejeshwa, bila msaada wa kiufundi. Katika muda wa miezi 14 kitu kile kile kilikuwa kimetoka na kurudi, na mteja hakuulizwa.

VMware haiko peke yake. Microsoft ilikuwa na Hyper-V Server, toleo la bure lililojitegemea, lakini la mwisho lilikuwa la mwaka 2019, na viraka vyake vya usalama vitakoma Januari 2029. Hyper-V yenyewe inaendelea kuwapo ndani ya Windows Server ya kulipia. Citrix nayo, Desemba 2017, iliondoa baadhi ya uwezo katika toleo la bure la XenServer.

Mfano wa Citrix una funzo la ziada. XenServer ilikuwa imefanywa huria mwaka 2013. Uwezo ulipoondolewa, watengenezaji nchini Ufaransa waliichukua ilivyoandikwa na mwaka 2018 wakatoa tawi lake, XCP-ng, lenye uwezo uliokuwa umeondolewa. Watumiaji wa ESXi ya bure hawakuwa na njia hiyo mwaka 2024, kwa kuwa walichokuwa nacho kilikuwa cha bure lakini hakikuwa huria.

Programu huria si ngeni Morogoro

Wapo viongozi wanaodhani kwamba programu huria ni za wanafunzi wa majaribio. Ushahidi wa hapa nyumbani unaonyesha vinginevyo. Hazina ya kidijitali ya SUA, inayohifadhi tasnifu na ripoti za utafiti, zikiwamo zile zinazohusu misitu, udongo na vyanzo vya maji vya Uluguru, inaendeshwa kwa DSpace, programu huria iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002 nchini Marekani. Hazina ya Mzumbe nayo inatumia DSpace.

Katika sekta ya afya, takwimu za MTUHA kutoka vituo vya nchi nzima hukusanywa kwa mfumo wa DHIS2, ambao ni programu huria iliyoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway.

Mifumo hiyo imedumu kwa sababu wapo watu waliojifunza kuihudumia, na hilo ndilo sharti la programu huria. Kwa upande wa seva pepe, programu huria inayozungumzwa zaidi sasa ni Proxmox, iliyotoka Vienna, Austria, mwaka 2008 na inayotumia KVM. Uwezo wake wote umo katika toleo lisilolipiwa. Anayelipa hupata masasisho yaliyopimwa zaidi na, kwa viwango vya juu, msaada wa wataalamu. Malipo huhesabiwa kwa kila prosesa kwa mwaka, na kiwango cha chini kabisa ni euro mia moja na ushee. XCP-ng nayo ina utaratibu wa namna hiyo wa msaada wa kulipia.

Unapolipa unanunua nini

Anayelipia leseni hununua mambo matatu. La kwanza ni uwezo, kama vile kuhamisha seva pepe kutoka mashine moja kwenda nyingine bila kuizima. La pili ni haki ya kupata viraka vya usalama kwa wakati. La tatu ni mtu wa kupigiwa simu. Taasisi ijiulize ni lipi kati ya hayo inalihitaji kweli, maana wengi hulipia la kwanza wakati shida yao ni la tatu.

Jambo la viraka lisichukuliwe kwa wepesi. Februari 2023 maelfu ya seva za ESXi duniani zilivamiwa na wahalifu waliozifunga na kudai fidia. Udhaifu uliohusishwa na uvamizi huo ulikuwa umetolewa kiraka Februari 2021, miaka miwili kabla. Uvamizi huo haukubagua waliolipa na wasiolipa. Aliyeweka kiraka alisalimika, aliyekiacha alikuwa hatarini.

Nchini Tanzania suala hilo lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Chuo kilichopoteza taarifa za wanafunzi hakitajitetea kwa kusema programu ilikuwa ya bure. Aidha, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta. Namba za leseni zilizoibwa, ambazo huuzwa mitaani kwa bei ya kutupa, ni kosa, na mara nyingi huja na virusi.

Hesabu ya viini

Bei ya leseni haisomwi kwa macho, inahesabiwa. Prosesa ya kisasa ina viini vingi, na leseni nyingi hutozwa kwa kila kiini. Tuchukue mfano wa chuo cha kufikirika chenye seva moja ya prosesa mbili, kila moja ikiwa na viini 8. Viini halisi ni 16. Lakini VMware huhesabu angalau viini 16 kwa kila prosesa, hivyo chuo kitatozwa kwa viini 32, mara mbili ya vile kilivyo navyo. Kwa chuo hicho, seva ya prosesa moja yenye viini 16 ingefanya kazi ile ile kwa nusu ya malipo. Uamuzi wa leseni, basi, unapaswa kutangulia ununuzi wa mashine.

Hesabu ya pili ni ya kinachokaa ndani. Programu simamizi ikiwa ya bure, Windows iliyo ndani yake bado inalipiwa. Leseni ya Windows Server ya kiwango cha kawaida, ikishagharamia viini vyote vya mashine, inaruhusu seva pepe mbili za Windows. Chuo chenye seva pepe tano za Windows kitahitaji kuinunua mara tatu kwa mashine hiyo hiyo, pamoja na leseni za watumiaji. Kwa upande mwingine, taasisi iliyokwisha kulipia Windows Server tayari inayo Hyper-V, na pengine haina haja ya kununua programu simamizi nyingine.

Hesabu ya tatu ni ya fedha za kigeni. Leseni nyingi hupangwa kwa dola au euro. Dola iliyokuwa takriban shilingi 2,300 mwanzoni mwa mwaka 2022 ilipita shilingi 2,600 katikati ya 2024, na mwaka 2023 dola zenyewe zilikuwa adimu nchini. Leseni ya kudumu hulipiwa mara moja na maumivu yakaisha. Ya mwaka hubeba hatari hiyo kila inapohuishwa. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, hivyo wakala aliyeko nchini atakiwe atoe bei kwa shilingi, pamoja na kodi.

Gharama iliyojificha katika bure

Maji ya Uluguru huteremka mlimani bila kumdai mtu, lakini mabomba, matangi na fundi wa kuziba panapovuja vina gharama. Programu huria iko hivyo hivyo. Fedha isiyokwenda kwenye leseni inapaswa kwenda kwa mtu.

Hatari kubwa zaidi ni fundi mmoja anayejua kila kitu. Siku akipata kazi Dar es Salaam au Dodoma, taasisi hubaki na mashine inayofanya kazi ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Kwa hiyo anayechagua programu huria bila mkataba wa msaada awe na watu wawili au zaidi waliofunzwa, na maelezo yaliyoandikwa ya namna mfumo ulivyopangwa.

Umbali nao uhesabiwe. Msaada mwingi, wa kulipia na usiolipiwa, hupatikana kwa intaneti. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, mawasiliano ya intaneti yalizorota nchini. Aliyekuwa na faili za kusimika programu na mwongozo wake katika diski iliyo ofisini alikuwa na cha kushika.

Nani achague nini

Ofisi ndogo au shule yenye seva moja na mifumo miwili au mitatu inaweza kutumia programu huria isiyolipiwa, mradi nakala za akiba zichukuliwe kila siku na ziwekwe nje ya seva hiyo.

Chuo au hospitali yenye seva kadhaa, na mafundi wawili au watatu wanaoijua Linux, kitafaidika zaidi na programu huria pamoja na malipo ya mwaka ya msaada. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na leseni zilizofungwa, na uhuru wa kuondoka unabaki mikononi mwake.

Taasisi ambayo karibu mifumo yake yote ni ya Windows, na mafundi wake wamezoea Windows, itazame kwanza Hyper-V iliyokwisha kuilipia.

Taasisi kubwa ambayo mtengenezaji wa mfumo wake mkuu, kwa mfano wa kibenki, anakubali kuuhudumia juu ya programu simamizi moja tu ya kulipia, italipa. Kuokoa leseni na kupoteza udhamini wa mfumo mkuu ni hasara. Lakini hata hapo, mifumo midogo isiyo na sharti hilo inaweza kuhamishiwa kwenye programu huria na kupunguza idadi ya viini vinavyotozwa.

Taasisi za umma zina hatua za ziada. Zinapaswa kufuata viwango na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na kufanya manunuzi kupitia mfumo wa NeST. Kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, leseni inayomalizika Mei ni tatizo linalojirudia. Tarehe ya kuhuisha iombwe iangukie baada ya bajeti kuanza.

Kabla ya kusaini

Yapo maswali sita ambayo uongozi unapaswa kuyapatia majibu ya maandishi. Leseni ikimalizika na fedha zikachelewa, seva pepe zitaendelea kuwaka au zitakataa kuwashwa? Viraka vya usalama vitapatikana hadi mwaka gani? Bei inahesabiwa kwa prosesa, kwa kiini au kwa mashine, na kiwango cha chini ni kipi? Nani atajibu simu saa nane usiku katika wiki ya mitihani? Seva pepe zinaweza kutolewa na kupelekwa kwenye programu nyingine kwa njia gani? Na nakala ya akiba imewahi kurejeshwa, au inachukuliwa tu?

Swali la tano ndilo mlango wa kutokea. Tangu mwaka 2024 Proxmox ina njia ya kuingiza moja kwa moja seva pepe kutoka ESXi, na XCP-ng inayo njia yake. Hata hivyo, uhamisho ujaribiwe kwa mfumo mmoja usio na madhara makubwa kabla ya kugusa matokeo ya mitihani au malipo ya ada.

Swali la sita halina uhusiano na leseni, lakini ndilo linaloamua mengine yote. Taasisi yenye kampasi zaidi ya moja, kama SUA yenye kampasi kuu na ile ya Solomon Mahlangu huko Mazimbu, au Mzumbe yenye kampasi Dar es Salaam na Mbeya, ina nafasi nzuri ya kuweka nakala mahali ambapo moto, wizi au radi ya jengo moja haitaifikia. Nakala hiyo irejeshwe kwa majaribio angalau mara moja kila muhula, na aliyeirejesha aandike ilichukua saa ngapi.

Taasisi yenye nakala iliyojaribiwa na mafundi waliofunzwa inaweza kubadili programu simamizi mwenye mali anapobadili masharti. Isiyokuwa navyo itapokea masharti yoyote itakayoletewa, iwe ililipa au haikulipa.